Tisa Iliyojaa

Mama yangu hakuwahi kutuhesabu. Giza lilipokaribia alisimama mlangoni akatutazama tukiingia, kisha akatazama vibakuli alivyovipanga chini, kimoja kwa kila tumbo. Kibakuli kikikosa mwenyewe, alijua ni nani bado yuko mtoni. Karani wa sensa alipofika kwetu, kule magharibi, akamwuliza ana watoto wangapi. Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Andika wanatosha." Karani akasubiri. Mama naye akasubiri. Mwishowe yule bwana alitoka kwenda uani akatuhesabu mwenyewe, kwa kidole, tukiwa tumesimama mstari mmoja kama mahindi, na mama akaingia ndani akafunga mlango. Nilikuwa na umri wa kutosha kumwonea aibu.

Aibu hiyo niliibeba mpaka Nairobi, mpaka chuo kikuu, mpaka kwenye shule ya harambee huko Riruta nilikopata kazi mapema miaka ya sabini. Shahada yangu ilikuwa ya fasihi. Lakini shule ilikuwa na walimu wawili wa fasihi na haikuwa na hata mmoja wa hesabu, na mwalimu mkuu alipoona kwamba nilifaulu hesabu katika kidato cha sita, alinikabidhi chaki bila kuniuliza swali jingine.

Vitabu vilivyoletwa wakati ule vilikuwa vya hesabu mpya. Vilijaa seti, mviringo juu ya mviringo, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili walizikariri kama katekisimu, bila kuamini neno lolote. Niliwahurumia. Nikaenda mjini, kwenye duka la vitabu vikuukuu la mzee mmoja Mhindi, nikanunua kitabu kisicho na jalada kilichosimulia hesabu zilivyoanza. Yule mzee aliniona nimesimama kwenye ukurasa wa sifuri. Akachora nukta kwa kidole kwenye vumbi la kaunta yake.

"Hiyo ni yetu," alisema. "Waarabu waliibeba tu. Wazungu wakaivalisha suti."

Basi kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, tulifunga kile kitabu cha seti. Niliwasimulia nukta ya Wahindi, na watu wa Babeli waliohesabu kwa sitini, ndiyo maana hata saa iliyoning'inia ofisini kwa mwalimu mkuu ilikuwa inawatii bila kujua. Niliwasimulia Wamisri waliopima mashamba kwa kamba yenye mafundo baada ya mto kufuta mipaka. Tukafunga mafundo kwenye kamba ya kuanikia nguo na kuupima uwanja wa shule. Mwalimu mkuu alitazama kutoka dirishani.

Halafu nikawaza: na sisi je? Nikawapa kazi ya nyumbani. Waende wakawaulize wazee walivyokuwa wakihesabu, kwa vidole, kwa kokoto, kwa maneno gani. Kisha wahesabu nyumba nzima kwa maneno hayo: vyombo, mifugo, watu.

Msichana aliyekaa dawati la mbele akainua mkono. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mwandiko mdogo uliobana kama mshono wa fundi mzuri. Kwao palikuwa hapo hapo Riruta, chini ya barabara ya Naivasha, katika boma la nyanya yake ambamo watoto wa wana kadhaa walilelewa pamoja.

"Na kama kwetu watu hawahesabiwi?" aliuliza.

Wenzake hawakucheka, na hilo lingetosha kunionya. Lakini nilikuwa na sentensi yangu tayari. Nilikuwa nimeinoa wiki nzima. Nikamwambia kwamba historia ya hesabu ni historia ya watu walioacha kuogopa. Nilipenda sauti yangu ilivyosikika chini ya mabati. Yeye akainama akaiandika daftarini.

Jumatatu aliniletea kurasa nne. Sijawahi kusoma kazi ya mwanafunzi kwa furaha kama ile. Aliandika kwamba nyanya yake hatamki kumi. Akifika tisa, hukunja kidole cha mwisho na kusema "tisa iliyojaa", kwa sababu kumi ni neno la kufunga, na kilichofungwa hakiongezeki. Aliandika kwamba mbuzi hujulikana kwa rangi na kwa mama zao, na jioni anayekosekana huonekana kama jino lililong'oka. Ukurasa wa mwisho ulihusu watu. Jumamosi asubuhi, watoto wa boma wakinywa uji, alipita nyuma yao akagusa kichwa kimoja kimoja na kuhesabu kwa sauti. Nyanya, akiwa jikoni, alimkataza. Yeye akaendelea mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa kitinda mimba, mdogo wao wa kike aliyekuwa bado hajafikisha miaka miwili. Idadi akaiandika kwa tarakimu, akaipigia mstari mara mbili, na chini yake: "Mwalimu, sikuogopa."

Idadi hiyo siiandiki hapa.

Jumatano niliichukua daftari ile mjini. Tulikuwa na chumba, sisi vijana wa kuandika, ghorofani juu ya duka la vitambaa, ambamo tulisomeana kazi zetu na kukosoana bila huruma. Nilisimama nikawaambia ile sentensi yangu, kisha nikasoma kurasa zote nne. Nilipofika kwenye vichwa vya watoto na uji wao, nilishusha sauti, nikaitamka ile idadi polepole, kama msalaba unavyowekwa juu ya paa. Walipiga makofi. Rafiki yangu mmoja, mhariri mdogo katika kampuni ya vitabu, aliniomba aondoke nayo ili aipige taipu kwa ajili ya jarida. Nilimpa. Haikunijia hata kidogo kwamba daftari haikuwa yangu.

Alhamisi dawati la mbele lilikuwa tupu. Ijumaa pia. Ijumaa hiyo niliwapa wanafunzi zoezi la kujifanyia wenyewe, nikatoka mapema niwahi mjini, kunywa kahawa na watu walionipigia makofi.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, msichana yule alisimama kwenye mlango wa chumba cha walimu. Hakuvaa sare. Alikuwa na majivu kwenye viwiko.

"Mtoto ni mgonjwa," alisema. "Ni yule wa mwisho. Nyanya anataka daftari."

Nilimwuliza mtoto ana nini. Akanieleza akitazama viatu vyangu. Homa ilianza Jumanne. Kisha macho mekundu, kisha vipele, na tangu jana pumzi ilikuwa inavuta mbavu ndani. Nikamwuliza wamempeleka hospitali gani.

"Hajapelekwa. Nyanya amesema hawezi kupita langoni wakati idadi yake iko nje. Nilikuja Ijumaa, Mwalimu. Nilikungoja kwenye geti mpaka mlinzi akafunga."

Mwili wangu ulielewa kabla ya akili. Nilitaka kumwambia kwamba idadi ni alama tu, kwamba haina miguu wala meno, na maneno hayo yote nilikuwa nayo, yamepangwa vizuri. Kinywa kilikataa. Nilichokiona ni mama yangu akifunga mlango.

Mwalimu mkuu alikuwa amesikia. Aliniita pembeni, kwenye ukuta wa mbao nyuma ya ofisi, akaniuliza nilikuwa nikifundisha nini. Nikasema historia ya hesabu. Akauliza kama imo katika mtaala. Nikasema haimo. Alivuruga kokoto kwa ncha ya kiatu.

"Wazazi hawa wametujengea shule hii bati kwa bati," alisema mwishowe. "Mtoto huyo akifa, mimi sikujui."

Nilishika njia ya mjini kwa miguu, kwa sababu sikuweza kusimama kituoni kungoja chochote. Nilipita Dagoretti Corner nikitoka jasho, nikashika Ngong Road. Njia nzima ilikuwa na watu wanaoendelea na maisha yao, mama anayepepeta maharagwe, fundi baiskeli na spoku zake, na wote niliwaona kama wanajua. Karibu na makaburi nilijigundua nahesabu hatua zangu. Nikaacha. Baada ya muda nikajikuta nahesabu tena, na safari hii nikaogopa kuacha, kwa maana sikujua hatua ambayo ningeishia ingekuwa ya nini.

Rafiki yangu alifurahi kuniona. "Karibu, mwandishi," alisema, akainua miguu kutoka mezani. "Umekuja kusaini vitabu?"

Nikamwambia nataka daftari. Akafungua mtoto wa meza akanipa, kisha kwa fahari akanionyesha kazi yake: kurasa zilizopigwa safi, na nakala mbili chini yake.

Sikuwa nimefikiria hilo. Idadi ilikuwa imezaa. Ilikuwa kwenye karatasi nyeupe, ikawa kwenye nakala ya kwanza, ikawa kwenye ya pili, hafifu zaidi, kama mtu anayetokomea kwenye ukungu. Nilizikusanya zote kwa mikono miwili.

"Taratibu, bwana. Moja inaenda kwa mhariri mkuu."

"Hakuna inayoenda."

Alianza kunitania, kwamba hofu ya umaarufu ni ugonjwa mpya mjini. Kisha akanitazama vizuri usoni akaacha. Nikamweleza. Yeye ni mtu wa Machakos, msomi kunishinda, na nilitegemea anicheke. Hakucheka. Aliinuka akatoa kwenye kikapu cha taka karatasi zake za kaboni, akazinyanyua moja moja dirishani. Kwenye ya tatu, mwanga wa mchana ukapenya pale taipureta ilipogonga, na idadi ikasomeka wazi kabisa, tarakimu za nuru katika weusi.

"Chukua na hii," alisema. Aliishika kwa pembe, mbali na mwili wake. Nilipofika ngazini alinifuata. "Ulituambia waliacha kuogopa," alisema, bila ubaya wowote.

Nilifika bomani jua likiwa limeanza kuelekea magharibi, upande wa Kikuyu. Palikuwa na nyumba ya mawe ya zamani, nyumba mbili za mbao, na mti wa parachichi uliopinda. Mama wa mtoto alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na mtoto alifungwa shali kwenye kifua chake, tayari. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekaa vile tangu asubuhi, na Jumapili nzima kabla yake, akingoja ruhusa ya mama mkwe. Niliisikia pumzi ya mtoto kabla sijauona uso. Ilikuwa kama msumeno kwenye mti mbichi.

Nyanya alikuwa mdogo kuliko nilivyomwogopa. Mfupi, mkavu, macho yenye ukungu. Alizungumza Kikikuyu na msichana akanitafsiria, na pale ambapo hakumwamini mjukuu wake alisema mwenyewe kwa Kiswahili chake kizito. Alipokea daftari, akapokea zile karatasi. Akauliza ni za nini, mbona ni nyingi. Nikamwambia ukweli wote, chumba cha ghorofani, makofi, taipureta. Msichana alisita katikati ya kutafsiri. Alinitazama, na nikaona anaelewa kitu ambacho mwalimu hapaswi kumwonyesha mwanafunzi.

"Ulisomea watu wangapi?" nyanya aliuliza.

Nikafungua kinywa kumjibu, nikakifunga.

"Sasa unajifunza," alisema.

Hakuzichoma. Aliziweka chini ya jiwe la kusagia, akarudi, akaniambia kazi yangu. Idadi ilikuwa imetolewa na hesabu yangu, kwa hiyo ni mimi wa kuipoteza. Nihesabu tena, nikosee.

Niliona ni rahisi. Watoto waliitwa, wakatoka nyuma ya nyumba wakinikodolea macho. Nikawapitia kwa kidole nikaruka mmoja kwa makusudi, nikataja idadi isiyo yake.

"Mwana wa wenyewe, usinichezee," alisema nyanya. "Umeruka ukijua umeruka. Bado unayo."

Na ilikuwa kweli, nilikuwa nayo. Ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya, kukaa na idadi kichwani bila kuiachia. Akaamuru watoto wakimbie. Walikimbia kuzunguka parachichi, wakapita katikati ya kuku, wakaingia mlango huu na kutokea ule, na mimi katikati yao nikihesabu kwa sauti, kuku na mtoto na kigoda na mtoto. Msichana alitembea kando yangu akiniuliza maswali kama alivyoagizwa, mama yangu anaitwa nani, mto wa kwetu unatoka wapi, sifuri iligunduliwa na nani. Nilijibu na kuhesabu, nikahesabu na kujibu. Kizingitini msumeno uliendelea, na kila ulipokwama nilisimama nikingoja, roho mkononi, mpaka ukavuta tena. Sijui ni muda gani ulipita. Najua kwamba wakati fulani niliutafuta mwisho wa hesabu yangu kama mtu anavyotafuta ngazi gizani kwa mguu, na mguu haukukuta kitu.

"Wangapi?" aliuliza nyanya.

"Sijui."

Akanisogelea kabisa, akanitazama kwa yale macho ya ukungu. Alikuwa ananipima, na nilikuwa naogopa kwamba atanikuta nadanganya, maana hata mimi sikuwa na hakika.

"Wanatosha?"

"Wanatosha," nilisema, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwalimu.

Akageukia kizingiti akaashiria langoni kwa kichwa. Mkwewe alikuwa ameshainuka.

Jirani mwenye pikapu alitupeleka. Kwenye hospitali walimnyakua mtoto mikononi mwa mama yake bila hata kuuliza jina, wakakimbia naye. Tulikaa kwenye benchi, mama, msichana na mimi. Baadaye alitoka nesi mmoja mnene, mchovu, akatuambia ni surua iliyoshuka kwenye mapafu. Nikamwuliza inachukua siku ngapi kuingia mwilini. Akanitazama kana kwamba nina wazimu, lakini akahesabu kwa vidole vyake, kurudi nyuma kutoka siku ya homa. Alisema mtoto aliipata zaidi ya wiki moja kabla hajachemka. Kabla ya Jumamosi ile ya uji. Kabla ya sentensi yangu.

Nilisubiri faraja ije. Haikuja, kwa sababu nesi hakuwa amemaliza.

"Mlikuwa wapi siku hizi zote?" alimwuliza mama wa mtoto. "Huyu angeletwa Ijumaa, asingefikia hali hii."

Mama wa mtoto alitazama mapajani mwake. Msichana akatazama ukuta. Ijumaa nilikuwa nikinywa kahawa mjini, na daftari ilikuwa kwenye mtoto wa meza.

Mtoto alilazwa siku tisa, na ya tisa ikajaa. Kila siku baada ya kipindi cha mwisho nilikwenda nikasimama kwenye dirisha la wodi, nikiogopa kutazama kitanda kabla ya kumtafuta mama yake karibu nacho. Siku ile iliyojaa nilimkuta mtoto amekaa, anakula ndizi kwa hasira. Sikio lake la kushoto halikupona. Mpaka leo, wananiambia, ukimwita kutoka upande huo hageuki.

Mwalimu mkuu alinizuia kufundisha chochote kilichokuwa nje ya kitabu, nami sikubisha. Msichana alirudi darasani na daftari mpya. Mwisho wa kipindi aliniletea ujumbe, akiutoa kama mtu anayerudisha sahani ya jirani: nyanya amesema naweza kuwaambia wale wa mjini habari ya tisa iliyojaa. Hilo si siri. Watu ndio hawahesabiwi. Nikamwuliza, kwa sauti ya chini, kama yeye bado haogopi. Alifikiri kidogo.

"Naogopa, Mwalimu," alisema. "Lakini ningependa kujua ile nukta ya Wahindi ilifikaje kwa Waarabu."

Sikumjibu siku hiyo. Nilikuwa na rejista mbele yangu, na ofisi ilitaka jumla ya waliohudhuria kabla ya saa nne. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiijaza kwa kupitisha macho juu ya vichwa, haraka, midomo ikicheza. Asubuhi ile kalamu ilisimama juu ya kisanduku, mbele ya darasa zima, na wao wakaniona. Nikaweka kalamu chini. Nikainua macho nikayatazama madawati, moja baada ya jingine, polepole, nikitafuta tu lile lisilo na mwenyewe.